Jina la Chuo Lisitupumbaze

Mzazi wa Ipyana auzaye kakao na mchele ili mwanawe asome hana fedha ya kupoteza kwa chaguo lisilopimwa. Kijana anataka uhandisi kwanza, udaktari baadaye, kwani amesikia ndivyo ilivyo Marekani. Kweli, huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, hata ikiwa ya uhandisi. Je, kwetu ni hivyo? La hasha! Kwetu mhitimu wa kidato cha sita huingia udaktari moja kwa moja, kwa ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Basi miaka minne ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya haipunguzi ile mitano ya udaktari pale Muhimbili. Na aliyeiacha Baiolojia kidato cha tano amejifungia mlango huo mwenyewe. Anayependa fani zote mbili aitazame shahada ya uhandisi wa vifaa tiba, ifundishwayo hukohuko Muhimbili.

Wazazi na walimu, tusiulize tu chuo kipi kina jina, bali kinampeleka wapi kijana. Tuulize kabla ya kidato cha tano, si baada ya kakao kuuzwa.