Bendera Tunayo, Uwanja Je?

Mtu wa Konde, Pemba, anayetaka kuiona kwa macho yake timu ya Zanzibar ikipambana na majirani amezoea kupanda boti kwenda Unguja. Januari 2025 hakuihitaji. Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, Chake Chake, kwa timu za Zanzibar, Tanzania Bara, Kenya na Burkina Faso, na tarehe 13 Zanzibar ikalichukua kwa mabao 2-1 dhidi ya Burkina Faso.

Ujirani huu wa viwanjani ni wa zamani. Kenya na Uganda walianza kugombea Kombe la Gossage, lenye jina la kampuni ya sabuni, mwaka 1926. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Kombe hilo ndilo mzazi wa Chalenji ya CECAFA, mashindano ya soka ya Afrika Mashariki na Kati, tuliyoitwaa Uganda mwaka 1995.

Lakini mwaka unaonigusa zaidi ni 2017. Machi, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilitupa uanachama kamili. Julai likatuvua, kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi. Desemba, kwenye Chalenji huko Kenya, timu yetu iliifunga Bara, ikaitoa Uganda nusu fainali, ikafika fainali na kushindwa na wenyeji kwa penalti tu. Kiti tulichonyimwa na Afrika nzima, majirani hawakuwahi kutunyang'anya.

Wapo wanaosema timu mbili ndani ya dola moja zinaudhoofisha Muungano. Siafikiani nao. Michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano, na Bara na Visiwani wamekutana kwenye Chalenji miaka mingi bila Muungano kutetereka.

Kasoro naiona kwingine: mlango huu wa kushindana na majirani kama Zanzibar tumeuzoea kwa soka, na soka la wanaume hasa. Kwenye Olimpiki na Michezo ya Jumuiya ya Madola, Tanzania hupeleka timu moja. Mwanafunzi wa Konde mwenye mbio au shabaha ya netiboli, akitaka kushindana na wenzake wa Kenya na Uganda, hana budi kuvuka bahari kwanza, na nauli ya boti si jambo dogo kwa mzazi anayetegemea karafuu.

Kwa hiyo nashauri Zanzibar iombe uenyeji wa michezo ya shule za Afrika Mashariki, na sehemu yake iletwe Pemba. Njia za kukimbilia zimeuzunguka uwanja ule ule wa fainali ya Januari. Mtoto wa Konde atazifikia kwa nauli ya gari.