UTUNZAJI WA MAGARI: Oili Ndani ya Maji ya Rejeta

Dereva wa lori la dizeli afunguapo kifuniko cha rejeta asubuhi na kukuta maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, huku utando mzito wa mafuta umetanda juu yake, hana budi kuliegesha gari. Askari mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake katika lori aweza kumaliza hata karo ya watoto kwa kumlipa fundi afungue silinda hedi, kumbe ubovu uko mahali pengine palipo rahisi kufikiwa.

Injini nyingi kubwa za dizeli zina kipoza oili, ambamo oili na maji hupita jirani, vikitenganishwa na bati jembamba. Katika injini ya Cummins 6BT, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 5.9, kipoza hicho kimo ubavuni mwa bloku, nyuma ya mahali ifungwapo filta ya oili. Injini ikiunguruma, oili husukumwa kwa nguvu ya kilo 2 au zaidi kwa kila sentimeta mraba, ilhali nguvu ya maji ya rejeta kwa kawaida haizidi kilo 1 hivi. Bati likitoboka, oili huvuka na kuingia katika maji. Injini ikizimwa, nguvu ya oili hutoweka, na maji ya moto yaweza kupenya na kuingia katika oili.

Uchunguzi ufanywe kwa utaratibu. Kwanza, rejeta isifunguliwe ingali ya moto, kwa maana mvuke huunguza. Pili, oili ipimwe kwa kijiti chake. Ikiwa inapungua bila kudondoka chini, imekwenda katika maji. Ikiwa imeongezeka na kuwa nyeupe, maji yameingia humo, na injini isiwashwe tena, maana beringi zitaharibika.

Tatu, ikiwa oili ingali safi, injini iwashwe ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yakitoka mfululizo, hewa ya silinda inavuja, na gasketi au silinda hedi yashukiwa. Yasipotoka, kipoza oili kichunguzwe kwanza. Kifunguliwe, tundu moja la oili lizibwe, hewa ipulizwe katika tundu la pili kwa kiasi kilichowekwa na watengenezaji, nacho kizamishwe katika maji ya uvuguvugu. Povu likionekana, kibadilishwe pamoja na gasketi zake. Kikiwa kizima, ndipo silinda hedi ifunguliwe, kwani gasketi yaweza kukatika kwenye njia ya oili bila kutoa mapovu yoyote. Ufa katika hedi au bloku utafutwe pia.

Baada ya matengenezo, kazi haijaisha. Mafuta yaliyogandamana ndani ya njia za maji huzuia joto kutoka, na injini huchemka kana kwamba haikutengenezwa. Njia hizo zisafishwe kwa maji ya moto na sabuni isiyotoa povu jingi, tena na tena, hadi maji yatoke meupe. Mipira ya maji iliyovimba kwa mafuta itupwe. Oili na filta vibadilishwe.

Mwenye lori na amtake fundi amwonyeshe povu hilo kwa macho kabla ya kutoa fedha za vipuri.