Siri za Chama Zipitie Simu Gani?



Katika mikutano yetu ya Busia ya Kenya, Busia ya Uganda na Tororo, swali moja linarudi kila mara. Ndugu zetu wa viwandani na wa mashamba ya miwa wanauliza: "Ni programu gani ya simu iliyo salama, ambayo tajiri hawezi kusoma maneno yetu?" Swali hili ni la haki, na chama hakina budi kulijibu. Lakini kabla ya kujibu tunataka kuungama kosa letu wenyewe, kwa sababu kosa hilo ndilo lililotufundisha.

Katika shamba moja la miwa tulikuwa tukiandikisha wanachama wapya, na kazi ilikwenda vizuri. Jumapili jioni mmoja wetu wa kamati, kwa furaha, alipiga picha karatasi yenye majina na sahihi za waliojiunga, akaitia katika kundi letu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia moja. Nia yake ilikuwa kuwatia moyo waliobaki. Jumatatu asubuhi picha ile ile ilikuwa katika simu ya nyapara. Hakuna aliyefukuzwa, maana haikuwepo haja ya kumfukuza mtu. Wengi wao walikuwa vibarua wa msimu. Wiki iliyofuata majina yao hayakuitwa getini, basi. Mama mmoja aliyekuwa akisomesha watoto kwa kupalilia miwa alitujia akasema: "Nyinyi mliniambia nitie sahihi. Mbona hamkuniambia kwamba mtaitangaza?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Baada ya hapo wenzetu wengi walisema kwamba WhatsApp imevunjwa, au kampuni ya simu imetuuza. Sivyo, ndugu. Hakuna aliyevunja kitu. Mtu aliyekuwa ndani ya kundi aliibeba picha akaipeleka. Kufuli lilikuwa zima, lakini sisi tulikuwa tumemfungulia mlango kila aliyebisha hodi.

Sisi tulioandika makala hii tuliishia shule ya msingi, kwa hiyo tutaeleza mambo haya kwa mfano wa hapa kwetu. Boda boda ilizaliwa katika mpaka huu, ikibeba watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Ujumbe wa kawaida wa SMS ni kama barua isiyo na bahasha uliyompa mwendeshaji: akitaka kuisoma njiani ataisoma, yaani kampuni ya simu inaweza kuiona. Ujumbe uliofungwa kwa kufuli ni kama barua iliyo ndani ya sanduku la chuma. Funguo ziko kwako na kwa unayempelekea tu, na mwendeshaji hawezi kulifungua hata akilazimishwa. Lakini anajua alilichukua nyumba gani, akalifikisha nyumba gani, saa ngapi, na mara ngapi kwa wiki. Na likishafika na kufunguliwa, kufuli halina kazi tena. Aliyepokea anaweza kumsomea jirani.

Shikeni mambo hayo matatu: njia, mwendeshaji na mpokeaji. Sasa tuzitazame programu zenyewe.

WhatsApp, ambayo karibu kila mwenye simu ya kioo anayo, inafunga ujumbe wote kwa kufuli hilo tangu Aprili 2016. Hapo ni salama kuliko SMS. Lakini ni mali ya kampuni ya Meta, yenye Facebook, nayo huweka kumbukumbu za nani anawasiliana na nani na lini. Tena simu nyingi zimewekwa zitunze nakala ya mazungumzo nje ya simu, katika ghala la Google au la Apple, na nakala hiyo haifungwi kwa ufunguo wako mpaka wewe mwenyewe uamuru hivyo. Nafasi ya kuamuru hivyo ilianza kutolewa mwaka 2021, na wengi wetu hatujaigusa.

Telegram inasifiwa sana na vijana kuwa ni ya siri. Hapa tunawaonya. Mazungumzo yake ya kawaida hayana kufuli la aina hiyo. Watu wawili wanaweza kufungua mazungumzo ya siri wakalipata, lakini kundi haliwezi. Kwa kazi ya kamati haifai.

Signal ni ya shirika lisilotafuta faida. Ni ya bure na haina matangazo. Kufuli lake ndilo ambalo WhatsApp nayo iliazima. Tofauti kubwa iko kwa mwendeshaji wa boda boda: huyu wa Signal haandiki daftari. Mwaka 2016 wapelelezi wa serikali ya Marekani waliitaka kwa amri ya kisheria itoe habari za watumiaji wake. Ilichokuwa nacho cha kutoa ni siku mtu aliyojiandikisha na siku ya mwisho aliyoitumia. Tena tangu 2024 mtu anaweza kuwa ndani ya kundi bila wote kuiona namba yake ya simu. Jambo hili si dogo. Katika kundi la WhatsApp namba kwa kawaida zinaonekana, na orodha ya namba ni orodha ya wanachama kwa jina jingine.

Basi jibu letu ni hili: kwa kazi ya kamati, tumieni Signal. Lakini tukikomea hapo tutakuwa tumewadanganya. Kama siku ile tungekuwa na kundi la Signal la watu mia moja, picha ingefika kwa nyapara vilevile.

Wako wenzetu wanaosema: chama ni halali, kwa nini tujifiche kama wezi? Ni kweli chama ni halali. Katiba ya Uganda ya 1995 na ya Kenya ya 2010 zote zinampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Sheria za ajira za nchi zote mbili, ya Uganda ya 2006 na ya Kenya ya 2007, zinakataza kumfukuza mtu kwa sababu hiyo. Lakini sheria inamlinda aliyefukuzwa. Kibarua ambaye jina lake halikuitwa getini atakwenda mahakamani kusema nini? Na huku Kenya mwajiri analazimika kukitambua chama kinapokuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kati ya sahihi ya kwanza na ile ya kuvuka nusu kuna majuma mengi ya hatari. Ni katika majuma hayo tajiri akipata majina anaweza kuling'oa jembe kabla halijagusa udongo.

Kwa hiyo siri yetu ina mpaka wake. Tunaficha majina ya wanyonge yasimfikie mwenye nguvu. Hatufichi fedha za chama, wala maamuzi ya viongozi. Kiongozi atakayesema hesabu za michango ziko kwenye kundi la siri, huyo mwulizeni maswali mara mbili.

Tumekubaliana katika matawi yetu ya pande zote mbili za mpaka kuyagawa maneno yetu katika vikapu vitatu, nasi tunawaomba wenzetu mfanye hivyo hivyo.

Kikapu cha kwanza ni matangazo: siku ya mkutano, kiwango cha mshahara tunachodai, habari za msiba. Hayo yaende WhatsApp, yaende SMS, yabandikwe ukutani. Andikeni mkijua kwamba tajiri anasoma, na asome.

Kikapu cha pili ni kazi ya kamati: nani atamwona nani, tutajibu vipi mezani. Hayo yaende Signal, katika kundi la wale tu wenye kazi hiyo, na ujumbe uwekwe ujifute wenyewe baada ya wiki moja. Kazi ikiisha kundi livunjwe. Kila mmoja aweke namba ya siri katika simu yake na katika programu yenyewe. Hapa mpakani tuna laini mbili au tatu kila mtu, ya Kenya na ya Uganda. Laini ukiiacha muda mrefu, kampuni humpa mtu mwingine namba ile. Basi jiandikisheni kwa laini mnayoitunza, na mwenzenu akipoteza simu aseme siku hiyo hiyo, bila aibu, aondolewe kundini.

Kikapu cha tatu ni majina na sahihi. Haya hayaingii katika simu yoyote, wala hayapigwi picha. Karatasi inatoka mkononi mwa mfanyakazi, inaingia mkononi mwa katibu wa tawi, inafungiwa. Ni kazi ya miguu, na inachosha. Lakini mama yule wa kupalilia angekuwa kazini leo kama tungetembea jioni ile.

Liko pia jambo la njia kufungwa. Wenzetu wa Busia ya Uganda na Tororo wanakumbuka Februari 2016, WhatsApp na Facebook zilipozuiwa siku ya uchaguzi, na kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 kwa kila aliyetaka kuzitumia, mpaka ilipoondolewa 2021 na kuwekwa kodi ya bando. Wanakumbuka Januari 2021, intaneti ilipokatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Huku Kenya, mwaka 2024 iliagizwa Telegram izuiwe saa za mitihani ya kitaifa. Kamati inayotegemea programu moja itakuwa bubu siku ya shida. Kila tawi lichague watu wawili wanaojulikana, na mahali pa kukutana, ili simu zikinyamaza chama kisinyamaze.

Mwisho, tusiwasahau wenye simu za katochi, au mulika mwizi kama tunavyoziita huku. Ni wengi, hasa mashambani, na hakuna Signal inayoingia humo. Chama kikihamia katika simu za kioo kitakuwa chama cha makarani na wenye mashine, na wakataji wa miwa watasikia habari zao wenyewe kwa nyapara. Kila mwenye simu ya kioo katika kamati apewe wenzake kumi wa kuwaarifu kwa mdomo.

Ndugu, kufuli zuri tumekwisha kupata, na halina bei. Lililobaki ni kujuana, kupunguza idadi ya wenye funguo, na kufunga midomo penye haja ya kufunga. Mfanyakazi anayetia sahihi anatukabidhi unga wa watoto wake. Tuubebe hivyo.

Umoja ni nguvu.