MGENI NJOO, LAKINI MWENYEJI APONE

Ndugu wafanya kazi wenzangu wa reli,

Likizo ikikaribia, hapa Kuze twaulizana: tukienda Tsavo kutazama ndovu, tulale wapi? Kila mtu hutazama bei na chakula. Ni haki, maana mshahara wetu twaujua. Lakini liko swali la tatu.

Tsavo si ugenini kwetu. Mwaka 1898 simba waliwala wafanya kazi waliokuwa wakijenga daraja la reli pale. Mwaka 1948 ikafanywa hifadhi ya wanyama, na tangu 2017 treni ya Madaraka Express yasimama Voi, karibu na lango. Mwenye fedha kidogo na alale mjini Voi, aingie asubuhi na kutoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwenye uwezo na alale ndani.

Lakini popote mlalapo, mwulizeni kwa adabu anayewatandikia kitanda: Je, hapa mna chama? Msimu wa wageni ukiisha, mwabaki kazini au mwapelekwa nyumbani mikono mitupu? Msimwulize mbele ya mkubwa wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama, na watu wa hoteli wana chao, KUDHEIHA.

Akitazama nyuma kabla ya kujibu, mmekwisha jibiwa. Safari nyingine pelekeni shilingi zenu kwingine.

Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji si mwenye hoteli peke yake.