Tovuti za serikali zituambie vidakuzi vinachukua nini



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya vidakuzi ambavyo tovuti za serikali huviacha katika simu na kompyuta za wananchi wanaozifungua.

Siku hizi karibu kila shida ina mlango wake mtandaoni. Kijana anaomba mkopo wa elimu ya juu huko huko, anaomba kazi serikalini huko huko, na mzazi anatazama matokeo ya mtihani huko huko. Sisi tuliowahi kupanda meli usiku kucha kutoka Bukoba hadi Mwanza kufuata fomu moja tunaijua thamani ya maendeleo haya.

Kidakuzi si virusi, kama nilivyomsikia mtu akidai pale Rwamishenye. Ni maandishi machache tu ambayo tovuti inayaweka katika chombo chako. Ukifungua ukurasa mwingine chombo kinayaonyesha, na tovuti inakutambua. Ni kama kadi ya namba unayopewa mapokezi hospitalini: ukienda maabara au dirisha la dawa wanatazama namba, hawaanzi kukuuliza upya. Ufundi huu ulibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape ya Marekani. Bila huo, fomu yenye kurasa tano isingejazika, maana tovuti ingekusahau kila ukigeuza ukurasa.

Kidakuzi cha kazi hiyo, kinachofutika ukimaliza shughuli, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni juu ya vile vinavyobaki. Vipo vinavyokaa siku nyingi kuhesabu nani amerudi na ametazama nini. Huduma ya Google ya kuhesabu wageni, inayotumiwa na tovuti nyingi duniani, huweka kidakuzi ambacho kwa kawaida hudumu miaka 2. Hapo si tovuti peke yake inayopata habari zako, kuna na mwingine nyuma yake.

Hapa Nyanga, na hata Muleba, wengi hatuna kompyuta. Tunakwenda steshenari, tunalipa, kijana wa dukani anatujazia. Mwaka jana mjukuu wangu alijaza maombi yake katika mfumo mmoja wa serikali, akaondoka bila kubonyeza mahali pa kutokea. Aliyekalia kiti baada yake alifungua tovuti ile ile akakuta ukurasa wa mjukuu wangu uko wazi, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa na majina ya wazazi. Kwa bahati alikuwa jirani, akaja kutuambia. Kosa la mjukuu lipo, silikatai. Lakini mfumo ulioachwa wazi unaendelea kuikubali kadi ya mtu aliyekwisha ondoka kwa sababu waliouunda hawakukiwekea kidakuzi muda mfupi wa kufa. Nadhani walimfikiria mtu mwenye kompyuta yake ofisini, hawakufikiria kiti cha steshenari.

Wapo watakaosema namba ya kidakuzi hupewa chombo wala si mtu. Lakini mtu akishaingia kwa jina lake, namba na jina vimekutana. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu hata namba au alama aliyopewa mtu ya kumtambulisha kuwa ni taarifa binafsi, na inamtaka mkusanyaji amjulishe mhusika madhumuni yake. Ibara ya 16 ya Katiba nayo inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Bango la Kiingereza lenye kitufe kimoja cha kukubali halimjulishi mzee wa Kamachumu chochote.

Wengine watasema asiyetaka vidakuzi asifungue tovuti. Neno hilo linafaa dukani, maana duka likikuudhi unakwenda la pili. Serikali ni moja. Anayetaka mkopo wa masomo au kazi ya ualimu hana mlango wa pili wa kubisha, kwa hiyo kukubali kwake si hiari hata kidogo.

Hata wakubwa wamewahi kujikwaa hapa. Mwezi Juni 2000 serikali ya Marekani ilizuia vidakuzi vya kudumu katika tovuti zake, baada ya kugundulika kuwa ofisi ya Ikulu ya kupambana na dawa za kulevya ilikuwa ikifuatilia wageni wake. Hata hivyo, mwaka 2005 shirika lao la ujasusi, NSA, lilikutwa likiweka vidakuzi vilivyopangiwa kuishi hadi mwaka 2035. Katazo lililegezwa mwaka 2010, lakini kwa sharti kwamba wananchi waelezwe.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Naiomba, pamoja na Mamlaka ya Serikali Mtandao, ianze ukaguzi na tovuti za serikali kabla ya kuwageukia wenye maduka. Kila tovuti iwe na ukurasa wa Kiswahili chepesi unaotaja kila kidakuzi, kazi yake, muda wake na nani mwingine anakiona. Visivyo vya lazima visiwekwe mpaka mtu akubali, na anayekataa ahudumiwe vile vile. Na mfumo wowote wenye habari za watu ujifunge wenyewe baada ya dakika chache bila kuguswa.

Kwa sasa mjukuu wangu anajazia fomu zake katika simu yangu, na bando nanunua mimi.

Mkulima,
Nyanga, Bukoba.