Gor Mahia na Somo kwa Pwani

Mashabiki wa kandanda wa Mombasa wanaijua vyema timu ya Gor Mahia, na wapo wanaoishabikia kama wazawa wa ziwani. Lakini ukiwauliza Gor Mahia ni nani, wengi hukosa la kujibu. Alikuwa mtu. Alikuwa mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, katika nchi ile ya Homa Bay inayoshuka hata Kisegi kwenye maji ya ziwa. Ndiye K'Ogalo huyo anayeitwa kwa kelele viwanjani.

Sisi Waislamu hatuna haja na uganga wake, na hilo si la kuficha. Tunalolitazama hapa ni jina na watu walioshikamana nalo.

Timu iliundwa Februari 1968, zilipoungana Luo Union, bingwa wa Kenya wa 1964, na Luo Stars. Mwaka huo huo ikachukua ubingwa. Mwaka 1976 ikaumaliza msimu bila ya kufungwa hata mechi moja. Kisha yakaja mazito: 1979 iliingia fainali ya Kombe la Washindi wa Afrika, na Canon ya Yaoundé ikaifunga jumla ya mabao 8 kwa bila. Timu nyingine ingevunjika kwa aibu ile. Hii ilirudi, na 1987 ikatoka sare 2-2 na Espérance huko Tunis, ikaja ikatoka 1-1 Nairobi, na kombe likabaki Kenya kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Peter Dawo ndiye aliyekuwa mwiba wa mashindano yale. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara zima.

Lakini kwetu sisi kubwa zaidi ni ile miaka ya ukame. Baada ya ubingwa wa 1995, Gor Mahia ilikaa miaka 18 pasipo kuuonja tena, hadi 2013. Fedha hazikuwapo, na viongozi waligombana hadharani. Hata hivyo haikufa, kwa kuwa hapakuwa na tajiri mmoja wa kusema basi, tumefunga. Ilikuwa mali ya washabiki wake. Tazama Oserian ya Naivasha, timu ya shamba la maua: ilikuwa bingwa 2001 na 2002, na haikupita miaka mingi ikatoweka. Gor Mahia, hadi 2024, ilikuwa imeshalichukua taji la ligi mara 21.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya Gor Mahia kuzaliwa, bingwa wa Kenya alikuwa Feisal ya Mombasa. Vijana wangapi wa leo wanalijua hilo? Waliobaki wa kikosi kile ni wazee sasa, na wengine wameshatangulia mbele ya haki. Tunayo Bandari, na twaiombea heri, lakini hiyo ni timu ya shirika la bandari, haikutoka mitaani.

Wenye picha, kadi za uanachama au habari za Feisal majumbani mwao wazitoe kabla hazijaliwa na mchwa, na vilabu vya mitaa viandikishe wanachama wanaolipa ada, japo kidogo.