Kupandikiza figo: tusihesabu siku ya upasuaji tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu kupandikiza figo, hasa kwa sisi tunaougua maradhi zaidi ya moja.

Nina kisukari na shinikizo la damu kwa miaka mingi, na hayo ndiyo yaliyoniharibu figo. Sasa nasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Mdogo wangu wa tumbo moja amejitolea kunipa figo yake moja. Ukoo umekwisha kaa kikao na michango inakusanywa.

Ni kweli nchi yetu imepiga hatua. Kabla ya Novemba 2017, Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, mgonjwa alilazimika kwenda nje, mara nyingi India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Wahusika wanastahili pongezi.

Lakini katika vikao vyetu watu wanazungumzia upasuaji tu, kana kwamba nikishashonwa mambo yamekwisha. Mwili huiona figo ya mtu mwingine kuwa adui. Ili usiikatae, itanibidi kumeza kila siku dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Baadhi ya dawa hizo hupandisha sukari, nyingine hupandisha shinikizo. Yaani huchochea maradhi yale yale yaliyoua figo zangu. Nani atachangia dawa hizo mwaka wa tatu, wakati daftari la michango limekwisha fungwa?

Tena yuko mdogo wangu. Marehemu mama yetu naye alikuwa na kisukari. Leo kijana ni mzima, je, akibaki na figo moja na kesho sukari ikampata? Wazee wananiambia nisiwaze sana. Mimi naona ana haki ya kuelezwa haya akiwa peke yake na daktari, bila sisi ndugu kumkodolea macho.

Ninakotibiwa, kliniki ya sukari ina siku yake, ya shinikizo siku yake, ya figo siku yake, na kila daktari ana karatasi yake. Naomba madaktari hao wakae pamoja kabla mgonjwa wa aina yangu hajakubali kupasuliwa, na watutajie hata gharama ya dawa kwa mwezi. Wakisema niendelee kusafishwa damu, nitaendelea, na fedha za ukoo zitarudishwa kwa wenyewe.

Mgonjwa,
Morogoro.